Mji unaooga pamoja

Mwaka 1927, katika mji mdogo wa Kinosaki, kaskazini mwa mkoa wa Hyogo nchini Japani, nyumba moja ya wageni ilijijengea bafu la ndani. Kwingineko jambo hilo lisingemkosesha mtu usingizi. Huko Kinosaki lilizua kesi iliyodumu hadi mwaka 1950. Vita vya pili vya dunia vilianza vikaisha, na watu wa mji walikuwa bado wanabishana kuhusu bafu. Hoja ya waliopinga ilikuwa rahisi kueleweka: maji moto yanayotoka chini ya ardhi ya Kinosaki ni mali ya wote, na desturi ya pale ni kwamba mgeni analala kwa mwenyeji wake lakini anakwenda kuoga katika mabafu ya mji. Nyumba moja ikijifungia maji yake, nyingine zitaiga, na mitaa itabaki haina mtu.

Suluhu iliyofikiwa inafuatwa hadi leo. Maji ni ya mji; hukusanywa pamoja na kusambazwa kwa mabomba ya pamoja. Nyumba zinaruhusiwa kuwa na bafu la ndani, ila lisizidi kipimo, ili mgeni asikose sababu ya kutoka. Wenyeji husema stesheni ya treni ndiyo mlango wa mbele, barabara ndiyo ukumbi, nyumba za wageni ndivyo vyumba, na mabafu saba ya mji ndiyo bafu la nyumba hiyo moja kubwa.

Ninaieleza kesi hii mapema kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwashawishi rafiki zangu twende huko. Tulisoma pamoja, tukatawanyika kama watu wanavyotawanyika, kila mmoja na kazi yake na watoto wake. Safari zetu za nyuma zilikuwa za hoteli: kila mtu na ufunguo wake, kila mtu na simu yake, mnakutana kwenye kifungua kinywa mkiwa mmeshasoma habari za dunia nzima isipokuwa za mwenzenu. Nilitaka mahali ambapo nyumba yenyewe ingetukutanisha. Kwa hilo sijaona kinachoishinda riokani, nyumba ya wageni ya asili ya Kijapani, na sijaona mji unaoielewa kazi hiyo kuliko Kinosaki.

Riokani ni taasisi ya kale mno. Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyo milimani katika mkoa wa Yamanashi, ilianzishwa mwaka 705, nayo imeandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa hoteli kongwe kuliko zote. Nyingine iitwayo Hoshi, katika mkoa wa Ishikawa, inahesabu miaka yake tangu 718 na imeendeshwa na ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Kinosaki nako husimuliwa kwamba mtawa wa Kibudha aitwaye Dochi aliomba siku 1,000 mfululizo, na mwaka 720 maji moto yakabubujika. Usiamini masimulizi ukitaka, lakini ujue unaingia katika kazi ambayo watu wameifanya kwa zaidi ya miaka 1,300, na mambo mengi yanayomshangaza mgeni yana sababu iliyokwisha kupimwa na kupimwa tena.

Kwanza, bei. Riokani hulipwa kwa kichwa, na ndani ya bei hiyo mna malazi, chakula cha jioni na cha asubuhi. Pili, saa. Unapokewa kuanzia saa tisa alasiri, unakula muda uliopangwa, na kesho yake saa nne asubuhi unaaga. Tatu, na hapa ndipo wengi wetu tuliozoea kuagiza hupata tabu, hakuna orodha ya vyakula. Mpishi ameamua. Ameamua kwa kuangalia mwezi ulioko, samaki walioshuka bandarini na mboga iliyokomaa, na amenunua kwa idadi ya watu waliotarajiwa. Kuuacha uamuzi huo mlangoni pamoja na viatu ni pumziko kubwa. Hakuna wa kuuliza "tule wapi leo?" na hakuna wa kununa kwa sababu wenzake wamechagua asichokipenda.

Tulivua viatu penye ngazi ya mbao, tukaingizwa katika chumba kimoja sote wanne. Sakafu yote ni tatami, mikeka minene iliyofumwa kwa nyasi za igusa, na harufu yake mbichi ndiyo kitu cha kwanza kukupokea. Hakuna kitanda. Pana meza ya miguu mifupi, matakia ya kukalia, milango ya kusukuma iliyobandikwa karatasi, na upande mmoja pana shubaka la heshima, tokonoma, lenye picha ndefu ya kuning'inia na chombo cha maua machache. Hapo pa kutazamwa hapakanyagwi wala hapawekwi begi. Mgeni mkubwa kuliko wote ndiye anayekaa akiwa amelipa mgongo shubaka hilo. Mhudumu wetu, mama wa makamo aliyevaa kimono, alitutazama mmoja mmoja, kisha kwa ishara ya mkono na tabasamu akauliza nani mkubwa. Tukamsogeza mwenzetu aliye daktari, ambaye ametutangulia kwa miezi michache tu, akakae pale. "Shikamoo dada," tukamwambia, naye akaitikia marahaba kwa uzito wote unaostahili.

Chai ya kijani na kitafunio kitamu kidogo huwa mezani tayari. Kuna maelezo ya kiafya kuhusu hilo, kwamba mtu asiingie maji moto tumbo likiwa tupu, lakini mimi naona lina kazi nyingine pia: linakukalisha chini. Dakika kumi za mwanzo hamna la kufanya ila kunywa chai na kutazamana.

Baadaye yule mama alitufundisha kuvaa yukata, joho la pamba linalofungwa kwa mshipi. Upande wa kushoto hupita juu ya wa kulia. Hilo halina mzaha, kwa kuwa kinyume chake ndivyo anavyovalishwa maiti. Mmoja wetu alipokosea, mama yule alimfungua na kumfunga upya bila neno, kwa mikono myepesi ya mtu anayemvika mtoto wake sare ya shule. Mwenzetu mwenye duka la vitambaa Kariakoo alishika pindo la yukata kwa muda mrefu, akalisugua baina ya vidole. Alitukumbusha jambo ambalo wengi wamelisahau: kabla ya viwanda vyetu kushika kasi, kanga nyingi zilizovaliwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa huku Japani. Bibi zetu walijifunga kazi ya mikono ya watu hawa bila kuwahi kuwaona.

Sasa habari ya kuoga, ambayo najua ndiyo inayowatia watu wetu wasiwasi.

Mabafu ya maji moto ya Kijapani huogwa bila nguo. Wanawake wana upande wao na wanaume wao, na mapazia mlangoni yanaonyesha wazi. Kwanza unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka uwe safi kabisa, ndipo unaingia majini. Bafu ni la kujiloweka, si la kujisafisha. Taulo dogo haliruhusiwi kugusa maji. Watu hulikunja na kuliweka utosini. Nywele ndefu hufungwa juu. Maji hufika nyuzi joto 42 hivi, kwa hiyo unaingia taratibu, unakaa kidogo, unatoka ukapoe, unarudi. Mabafu mengi nchini humo humkataza mwenye chale za rangi mwilini, kwa sababu ya uhusiano wake na magenge ya wahalifu. Kinosaki hawakatazi katika bafu lolote kati ya yale saba. Mmoja wetu alikuwa ametoka harusini Tanga na piko lake lilikuwa bado mpaka kwenye viwiko. Alipita bila mtu kumuuliza.

Mwenzetu wa nne havui nguo mbele za watu, kwa sababu ya dini yake, na hilo tulilijua tangu tulipoanza kupanga. Riokani nyingi zina bafu dogo la kukodi kwa faragha, unalifunga kwa komeo na kuwa peke yako au na familia yako kwa muda wa saa moja au pungufu. Tuliandika mapema kuomba hilo, na tukaeleza pia kwamba yeye hali nguruwe wala chochote kilichotiwa pombe. Hili la pili ndilo linalohitaji umakini. Mirin, kileo kitamu cha mchele, hutiwa katika michuzi mingi ya Kijapani, na sake hutumika kulainisha samaki, kwa hiyo haitoshi kusema "sinywi pombe." Nyumba ilijibu kwa orodha ya maswali: je, mchuzi wa soya unafaa, je, siki ya mchele inafaa? Wakampikia vyake. Kwa kuwa mpishi hununua kwa kichwa, ukimwarifu siku nyingi kabla anaweza mengi. Ukimwambia ukiwa umeshakaa mezani, umemfedhehesha bure.

Jioni hiyo, wakati sisi watatu tukienda mabafuni, yeye alitangulia kwenye bafu lake la faragha kisha akatufuata barabarani na yukata yake na mtandio kichwani. Maana Kinosaki starehe kubwa iko barabarani. Mto Otani unapita katikati ya mji, umepandwa mierebi pande zote mbili, na juu yake kuna madaraja ya mawe yaliyojipinda. Watu wote wamevaa yukata, kila nyumba na rangi yake, na miguuni wamevaa geta, viatu vya mbao vinavyolia ko-ko-ko kwenye mawe kama mitalawanda ya bibi zetu kwenye sakafu ya saruji. Babu na mjukuu, wachumba, kundi la wafanyakazi wa ofisi moja na bosi wao: huwezi kumtambua mwenye cheo. Kila mtu amebeba kikapu chenye taulo. Mgeni aliyelala mjini hupewa pasi inayomwezesha kuingia mabafu yote bila malipo zaidi, na mengi ya mabafu hubaki wazi hadi saa tano usiku, ingawa kila moja lina siku yake ya mapumziko katika juma.

Yana sifa tofauti. Ichino-yu lina bafu lililochongwa ndani ya mwamba; daktari wa zama za Edo, Kagawa Shutoku, aliyasifu maji yake kuwa bora kuliko yote nchini. Yanagi-yu ni dogo na moto kwelikweli. Kono-yu, lililo mbali kidogo na stesheni, lina bwawa la nje chini ya miti, na linasimuliwa kwamba liligunduliwa baada ya watu kumwona korongo akitibu mguu wake katika maji hayo. Hilo la mwisho ndilo nililolipenda. Baridi ilikuwa usoni na joto shingoni kwenda chini, na rafiki yangu daktari, ambaye kwa miaka hajawahi kutuambia lolote kuhusu kazi yake zaidi ya "tunashukuru Mungu," akaanza kueleza habari za zamu zake za usiku. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyekuwa na simu ya kutazama, maana simu haziingii humo. Nilielewa kwa nini watu wa mji ule walikuwa tayari kubishana mahakamani zaidi ya miaka 20.

Tuliporudi, chumba kilikuwa kimegeuka ukumbi wa chakula. Tulikwenda Novemba, na Novemba pwani ile ni kaa. Msimu wake hufunguliwa tarehe 6 ya mwezi huo na kufungwa Machi; nje ya hapo hawavuliwi. Kaa dume wa bahari ya Japani wana miguu mirefu myembamba, na wale walioshushwa bandari ya jirani ya Tsuiyama huvishwa kitambulisho mguuni chenye jina la bandari, ili mlaji ajue anakula nini na kimetoka wapi. Walikuja kwa namna nyingi: mbichi waliotoswa katika maji ya barafu mpaka nyama ikachanuka, waliochomwa juu ya makaa, na hatimaye katika chungu kilichokuwa kikitokota katikati ya meza. Mhudumu alikata gamba kwa mkasi, akachovya mguu mmoja katika supu, akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akaniwekea. Utamu wake hauhitaji limau wala pilipili. Mwisho, supu iliyobaki ikiwa imeshiba kaa na mboga, ilitiwa wali na yai, ikawa uji mzito. Hapo hata tuliosema tumeshiba tulikula tena.

Msingi wa mlo wote huo ni dashi, mchuzi mwepesi unaotokana na mwani mpana wa kombu, ambao sehemu kubwa huvunwa Hokkaido, pamoja na maganda membamba ya katsuobushi, samaki jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aliuchunguza mchuzi wa kombu akabaini kitu kinachoupa ladha, glutamati, na ladha hiyo akaiita umami. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Kijapani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtu aliyekulia kwenye nazi na viungo atafikiri dashi ni maji matupu kwa kijiko cha kwanza. Avumilie. Baada ya vijiko vichache ulimi unatulia, na unaanza kuonja mboga yenyewe, uyoga wenyewe, samaki mwenyewe.

Kuna adabu mbili za vijiti ambazo kila msafiri anapaswa kuzijua, kwa sababu zinagusa msiba. Usivichomeke wima katika bakuli la wali, kwani hivyo ndivyo anavyotengewa marehemu. Na usimpokeze mwenzako kipande cha chakula kutoka vijiti vyako kwenda vyake, kwani hivyo ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa baada ya kuchoma maiti. Weka kwenye sahani, naye atachukua.

Wakati sisi tukimalizia mazungumzo kwenye baraza ya dirishani, magodoro yalitandikwa juu ya tatami, manne, ubavu kwa ubavu, kila moja na shuka jeupe na mto mdogo. Tuliwahi kulala hivyo bwenini. Tulizungumza mpaka mmoja akaacha kujibu.

Asubuhi baadhi ya mabafu hufunguliwa saa moja, na mtu wa kwanza kuingia kila bafu hupewa kipande cha mbao cha kumbukumbu. Mwenye duka la vitambaa alitoka mbio na geta zake gizani akarudi nacho kifuani. Kifungua kinywa kilikuwa wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma, yai lililokunjwa, achari ya tunda la ume na karatasi za mwani. Kuhusu wali huo kuna habari ya kupendeza kuliko zote nilizozisikia huko. Korongo weupe walikufa na kwisha porini nchini Japani mwaka 1971, na wa mwisho kabisa walikuwa katika bonde hili la Toyooka, ambamo Kinosaki imo. Dawa za kuulia wadudu zilikuwa zimemaliza samaki na vyura mashambani. Watu wa Toyooka wakafuga korongo walioletwa kutoka nje, na wakulima wakaanza kupunguza dawa na kuacha maji yakae shambani muda mrefu zaidi ili vyura wazaliane. Mwaka 2005 korongo waliachiwa huru. Leo wanaonekana wakitembea mashambani, na mchele wa mashamba hayo huuzwa kwa jina la ndege hao. Ukiutafuna polepole, una utamu usiohitaji mchuzi.

Si korongo tu waliorudi: mji wa Kinosaki wenyewe uliwahi kuteketea wote. Tarehe 23 Mei 1925 tetemeko la ardhi liliuangusha, moto ukamalizia. Madaraja na kingo za mto tunazozipiga picha leo zilijengwa baada ya siku hiyo, na wenyeji wakachagua kuurudisha mji wa mbao kama ulivyokuwa. Mwandishi Shiga Naoya alikuwa ameshapita hapo kabla ya balaa hilo. Aligongwa na treni Tokyo mwaka 1913, akaja Kinosaki kujiuguza, na hadithi fupi aliyoandika kuhusu siku zile, iliyochapishwa mwaka 1917, bado inasomwa mashuleni nchini kwao.

Kwa anayetaka kwenda: Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza, na ubalozi hutaka kuona ratiba ya safari na mahali mtakapolala, kwa hiyo malazi yawekwe kwanza. Njia nyepesi ni kupitia Dubai hadi uwanja wa Kansai karibu na Osaka. Kutoka Kyoto kuna treni ya haraka iitwayo Kinosaki, inachukua kama saa mbili na nusu. Kutoka Osaka iko nyingine inayobeba jina la korongo, Kounotori. Masanduku makubwa yatumeni kwa kampuni za kupeleka mizigo hadi hoteli yenu inayofuata mjini, nanyi mwende na begi dogo, kwa sababu magurudumu ya sanduku hayana nafasi juu ya tatami. Riokani ya kiwango cha kati hutoza yeni 20,000 hadi 30,000 kwa kichwa pamoja na milo miwili, na wakati wa kaa hupanda sana, tena hujaa miezi mingi kabla. Asiyejali kaa aende Juni. Nyama ya ng'ombe wa Tajima, asili ya nyama mashuhuri ya Kobe, hupatikana mwaka mzima. Bakshishi haitolewi. Na mkiwa wanne au watano, ombeni chumba kimoja kikubwa: aghalabu bei ya kila mmoja hupungua kadiri mnavyokuwa wengi chumbani.